Suleiman Nyambui

Suleiman Nyambui (amezaliwa Majita, Mkoa wa Mara, 13 Februari 1953) ni mwanariadha mstaafu wa Tanzania aliyeshiriki mbio za kati na mbio ndefu. Anajulikana zaidi kwa medali ya fedha aliyoipata katika mbio za mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris ya mwaka 2024, medali hiyo na ile ya Filbert Bayi, iliyopatikana siku moja kabla yake, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kushinda.

Nyambui alikuwa pia bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara nyingi kati ya mwaka 1979 na 1982, aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 katika uwanja wa ndani mwaka 1981, na alishinda Marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, mwaka 1987 na 1988. Baada ya kustaafu aliwahi kuwa katibu mkuu wa chama cha riadha cha Tanzania.

## Mazingira ya kuzaliwa

Majita ni eneo la vijijini kando ya Ziwa Victoria, kusini-magharibi mwa mji wa Musoma. Wenyeji wake wengi ni Wajita, ambao kwa muda mrefu wamejishughulisha na uvuvi, kilimo cha muhogo na mazao mengine ya chakula, na kilimo cha pamba. Nyambui alipozaliwa, nchi ilikuwa bado inaitwa Tanganyika na ilitawaliwa na Waingereza. Majita ilikuwa katika Wilaya ya Musoma, ndani ya Jimbo la Ziwa ambalo makao yake yalikuwa Mwanza. Wilaya hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na kijiji cha Butiama, alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa nchi. Jina la Nyerere linahusika na habari za Nyambui kwa namna nyingine pia, kama inavyoelezwa hapa chini.

Uso wa Ziwa Victoria uko kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo hata watu wa pwani ya ziwa huishi juu kuliko wakazi wa miji mingi ya Ulaya. Kuelekea mashariki na kaskazini ya Mkoa wa Mara, yaani katika wilaya za Serengeti na Tarime, nchi hupanda zaidi. Miinuko ya Tarime hufikia mita 1,500 na kuzidi. Katika mwinuko mkubwa hewa huwa nyepesi na oksijeni huwa chache, na mwili wa anayeishi huko huzoea hali hiyo. Jambo hili hutajwa mara nyingi linapoelezwa chimbuko la wakimbiaji wa mbio ndefu wa Afrika Mashariki. Lakini mwinuko peke yake hautoshi. Mkimbiaji anahitaji pia kocha, mashindano ya mara kwa mara, chakula cha kutosha na muda wa kufanya mazoezi. Maisha ya Nyambui ni mfano mzuri wa jambo hilo.

## Riadha kabla ya Nyambui

Kaskazini ya mpaka wa Tarime, katika milima ya Kisii nchini Kenya, wakimbiaji wa vijijini walianza kujulikana duniani mapema. Nyandika Maiyoro wa Kisii alikuwa wa saba katika mbio za mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na wa sita katika mbio hizohizo Roma mwaka 1960. Naftali Temu, ambaye pia alitoka upande huo, alishinda mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968 na kuipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Tanganyika ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye, mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliumia goti baada ya kuanguka katika marathoni, lakini aliendelea hadi mwisho na kufika akiwa wa mwisho kati ya waliomaliza, giza likiwa limeshaingia. Kisa chake kilienea dunia nzima kama mfano wa ushupavu.

Mafanikio ya kwanza makubwa ya Tanzania katika mbio yalikuja kwa Filbert Bayi wa Karatu, aliyezaliwa mwaka mmoja na Nyambui. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2. Aliyemfuata alikuwa John Walker wa New Zealand. Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliweka pia rekodi ya dunia ya maili moja kwa muda wa dakika 3:51.0.

Nyambui alikua katika kizazi hicho. Kwa vijana wa Tanzania waliokimbia katika miaka ya 1970, Bayi alikuwa ushahidi kwamba mtu aliyetoka kijijini angeweza kuwa bora kuliko wote duniani.

## Olimpiki iliyopotea ya 1976

Kizazi hicho kilitarajia kushindana katika Olimpiki ya Montreal, Kanada, mwaka 1976. Tanzania haikushiriki. Sababu ilikuwa siasa ya ubaguzi wa rangi nchini Afrika Kusini. Timu ya raga ya New Zealand ilifanya ziara Afrika Kusini mwaka huo, wiki chache tu baada ya wanafunzi kuuawa Soweto mwezi Juni. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa, kwa maelezo kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kususia, na zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika, hazikushindana.

Pambano kati ya Bayi na Walker, lililokuwa linasubiriwa na wapenzi wengi wa riadha, halikufanyika. Walker alishinda mita 1,500 kwa muda wa dakika 3:39.17, ambao ulikuwa polepole kwa karibu sekunde saba kuliko rekodi ya Bayi. Wanariadha wa Tanzania walilipa gharama ya msimamo wa nchi yao, nao walikuwa na miaka michache tu ya kuwa katika kilele cha uwezo wao.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, Tanzania ilirudi kwa nguvu. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Gidamis Shahanga alishinda marathoni, na Bayi alipata medali ya fedha ya mita 1,500. Mwaka huohuo, katika Michezo ya Afrika mjini Algiers, Bayi alishinda mita 1,500, naye Nyambui alipata medali ya shaba katika mita 5,000.

## El Paso

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Nyambui alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Texas tawi la El Paso, kinachojulikana kwa kifupi UTEP. Nchini Marekani vyuo vikuu hutoa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo. Mwanafunzi hulipiwa ada, malazi na chakula, naye huiwakilisha timu ya chuo katika mashindano. Kwa Mtanzania wa wakati ule, ambapo nyumbani hapakuwa na viwanja vingi vya kisasa wala fedha za kusafirisha wachezaji nje kila mara, mpango huo ulimpa mambo mawili kwa pamoja: elimu ya juu na mashindano ya kila wiki.

El Paso ni mji ulio mpakani mwa Marekani na Mexico, katika nchi kame. Mwinuko wake ni mita 1,140 hivi, karibu sawa kabisa na ule wa ufukwe wa Ziwa Victoria. Kocha wa riadha wa chuo hicho, Ted Banks, alikusanya wakimbiaji wengi kutoka Afrika. Miongoni mwao walikuwamo Mike Musyoki wa Kenya, Mathews Motshwarateu wa Afrika Kusini, na Watanzania Nyambui, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie. Timu hiyo ilitawala mbio ndefu za vyuo vya Marekani kwa miaka kadhaa.

Nyambui alishinda ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Alishinda pia mita 5,000 mwaka 1980, 1981 na 1982, na ubingwa wa mbio za nyika mwaka 1980. Mbio za nyika hukimbiwa nje ya uwanja, kwenye majani, udongo na vilima. Ukijumlisha na mataji ya mashindano ya ndani ya ukumbi, ubingwa wake wa vyuo ulizidi kumi. Mwaka 1983, alipokuwa amemaliza, taji la mita 10,000 lilikwenda kwa Mtanzania mwenzake wa chuo hichohicho, Shahanga.

Mafanikio hayo yalizua mjadala Marekani. Nyambui alipata ubingwa wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka 26, wakati wanafunzi wengi wa Kimarekani aliokimbia nao walikuwa na miaka kati ya 18 na 22. Baadhi ya makocha walilalamika kwamba vijana wao walishindanishwa na watu wazima wenye uzoefu wa kimataifa. Waliowatetea Waafrika walisema kwamba walichelewa kuanza chuo kwa sababu ya hali ya nchi zao, na kwamba walikuja kusoma kama wanafunzi wengine.

## Njia ya kwenda Moscow

Mwezi Desemba 1979 majeshi ya Umoja wa Kisovyeti yaliingia Afghanistan. Rais Jimmy Carter wa Marekani alitaka nchi zote zisusie Olimpiki ya Moscow iliyopangwa kufanyika Julai na Agosti 1980. Mwezi Februari 1980 alimtuma bondia Muhammad Ali barani Afrika kuwashawishi viongozi. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Rais Nyerere hakukubali kuonana naye. Ali aliulizwa na waandishi wa habari kwa nini Waafrika waiunge mkono Marekani, wakati Marekani haikuwaunga mkono Waafrika mwaka 1976. Baadaye Ali alikiri kwamba hakuwa anajua vizuri habari za mgomo ule wa Montreal.

Kenya ilikubali kususia. Tanzania ilishikilia siasa yake ya kutofungamana na upande wowote na kupeleka timu Moscow. Kwa njia hiyo serikali iliyowazuia wanariadha wake mwaka 1976 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi ndiyo iliyowaruhusu mwaka 1980, ingawa shinikizo la kuwazuia lilitoka kwenye taifa kubwa.

Nyambui alijikuta katika hali isiyo ya kawaida. Alikuwa anasoma na kufanya mazoezi katika nchi iliyoongoza mgomo, lakini nchi yake mwenyewe ilimtuma kwenda kushindana. Wamarekani aliokuwa akikimbia nao kila wiki walibaki nyumbani, naye alikwenda Moscow.

## Fainali ya mita 5,000

Mbio za mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja wa mita 400. Ni mbio zinazotaka pumzi ya mbio ndefu pamoja na kasi ya mbio fupi mwishoni. Ili kufika fainali mjini Moscow mkimbiaji alipaswa kupita kwanza katika hatua za mchujo, kwa hiyo kila aliyeanza fainali alikuwa tayari na uchovu miguuni.

Tarehe 31 Julai 1980, katika uwanja wa Lenin, Bayi alikimbia fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa kasi kubwa kama kawaida yake, akapitwa katika mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland, na kumaliza wa pili kwa muda wa dakika 8:12.48. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Tanzania.

Siku iliyofuata, tarehe 1 Agosti, ilikuwa zamu ya Nyambui. Aliyetarajiwa kushinda alikuwa Miruts Yifter wa Ethiopia, ambaye siku chache kabla alikuwa ameshinda mita 10,000. Yifter alisifika kwa uwezo wa kubadili mwendo ghafla karibu na mwisho, na wapinzani wake walijua kwamba wakimwacha wakati anapochomoka hawatampata tena. Walikuwapo pia Kaarlo Maaninka wa Ufini, aliyekuwa wa pili katika mita 10,000, na Eamonn Coghlan wa Eire, mkimbiaji hodari wa maili.

Katika mzunguko wa mwisho viongozi walikuwa bado wamekaribiana. Yifter alikuwa amebanwa katikati ya kundi, lakini mwenzake wa Ethiopia, Mohamed Kedir, alimwachia nafasi, naye akachomoka. Nyambui alimfuata. Coghlan alijaribu kushika nafasi ya pili, lakini katika mita za mwisho alizidiwa. Matokeo ya wanne wa mwanzo yalikuwa haya:

1. Miruts Yifter (Ethiopia) – 13:20.91
2. Suleiman Nyambui (Tanzania) – 13:21.60
3. Kaarlo Maaninka (Ufini) – 13:22.00
4. Eamonn Coghlan (Eire) – 13:22.74

Kati ya dhahabu na fedha kulikuwa na sekunde 0.69, na kati ya fedha na shaba sekunde 0.40. Wastani wa mwendo wa Nyambui ulikuwa sekunde 64 hivi kwa kila mzunguko.

## Thamani ya medali hiyo

Kwa kuwa nchi zaidi ya 60 hazikushiriki Olimpiki ya Moscow, watu wengine wamehoji uzito wa medali zilizopatikana huko. Ni kweli kwamba wakimbiaji kadhaa wakubwa hawakuwapo. Aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 5,000 alikuwa Mkenya, Henry Rono, kwa muda wa dakika 13:08.4 alioupata mwaka 1978. Rono alikosa Montreal na Moscow pia, na hakuwahi kukimbia katika Olimpiki yoyote. Wamarekani na Wajerumani wa Magharibi hawakuwapo pia.

Hata hivyo jibu la swali hilo lilipatikana mapema. Tarehe 6 Februari 1981, miezi sita baada ya Moscow, Nyambui alikimbia mita 5,000 katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Njia ya kukimbilia ya ukumbi huo ilikuwa fupi sana: mizunguko 11 ilitimiza maili moja, kwa hiyo mita 5,000 zilihitaji mizunguko zaidi ya 34, yenye kona kali kila baada ya mita chache. Aliyeshindana naye kwa karibu alikuwa Alberto Salazar wa Marekani, aliyekuwa ameshinda Marathoni ya New York miezi michache kabla, na ambaye hakuwa Moscow kwa sababu ya mgomo wa nchi yake. Nyambui alishinda kwa muda wa dakika 13:20.4, ambao ulikuwa rekodi mpya ya dunia ya uwanja wa ndani. Salazar alikuwa wa pili kwa dakika 13:22.6.

Muda huo wa New York ulikuwa bora kuliko ule wa Moscow kwa zaidi ya sekunde moja, ingawa njia ya ndani kwa kawaida humpunguzia mkimbiaji kasi kwenye kona. Mmoja wa wale ambao hawakuwapo Moscow alikuwa amepata nafasi ya kupimana naye, na akashindwa.

## Mbio za marathoni

Baada ya miaka ya chuo Nyambui aliingia katika mbio za barabarani. Wakati huo mbio hizo zilikuwa zinabadilika. Zamani marathoni ilikuwa ya wanariadha wachache waliochaguliwa na vyama vyao. Kuanzia miaka ya 1970 miji mikubwa ya Marekani na Ulaya ilianza kuandaa marathoni za watu wote, ambapo bingwa na karani wa ofisi huanza kwenye mstari mmoja.

Marathoni ya Berlin ni mfano wa mabadiliko hayo. Ilianza mwaka 1974 katika msitu wa Grunewald ikiwa na wakimbiaji 286 tu. Mwaka 1981 ilihamishiwa kwenye barabara za katikati ya jiji, na idadi ya washiriki ikaongezeka kufikia maelfu. Kwa kuwa jiji lilikuwa bado limegawanywa na ukuta, mbio zilifanyika upande wa Berlin Magharibi peke yake.

Nyambui alishinda mbio hizo mwaka 1987 kwa muda wa saa 2:11:11, akiwa na umri wa miaka 34. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Marathoni ya Berlin kwa wanaume. Mwaka 1988 alirudi na kushinda tena, kwa saa 2:11:45. Mwaka huohuo alishinda pia Marathoni ya Stockholm nchini Uswidi. Mwaka 1989 Mtanzania mwingine, Alfredo Shahanga, alishinda Berlin kwa saa 2:10:11, na hivyo Tanzania ikachukua ushindi wa Berlin miaka mitatu mfululizo. Mwaka huo wa 1989 Juma Ikangaa naye alishinda Marathoni ya New York kwa saa 2:08:01.

Tangu wakati huo Berlin imekuwa uwanja wa rekodi za dunia, nyingi zikiwekwa na Wakenya na Waethiopia. Katika orodha ya washindi wake Waafrika, jina la kwanza ni la mtu kutoka Majita.

## Uongozi wa riadha

Baada ya kuacha mashindano Nyambui alirudi kwenye riadha kama kocha na kiongozi. Alikuwa katibu mkuu wa chama cha riadha cha taifa, kinachojulikana leo kama Riadha Tanzania (RT). Kazi ya katibu mkuu ni pamoja na kusimamia ratiba ya mashindano, uteuzi wa timu za taifa na mawasiliano na shirikisho la kimataifa.

Wakati wa uongozi wake riadha ya Tanzania ilikuwa na hali tofauti na ile ya ujana wake. Nchi iliendelea kutoa wakimbiaji wazuri wa marathoni, lakini medali zilikuwa chache. Christopher Isegwe alipata medali ya fedha ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Helsinki mwaka 2005. Katika Olimpiki, kuanzia Los Angeles mwaka 1984 hadi Paris mwaka 2024, Tanzania ilishiriki michezo 11 mfululizo bila kupata medali. Aliyekaribia ni Alphonce Simbu, aliyekuwa wa tano katika marathoni ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Simbu alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, kisha dhahabu katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwezi Septemba 2025.

## Nafasi yake katika historia

Katika kumbukumbu za umma Nyambui ametajwa mara chache kuliko Akhwari na Bayi. Akhwari anakumbukwa kwa kumaliza akiwa ameumia, na Bayi kwa rekodi zake za dunia na kwa pambano lililokosekana na Walker. Lakini kwa matokeo, Nyambui ana orodha pana kuliko wakimbiaji wengi wa Tanzania. Alishinda kwenye nyika, ndani ya ukumbi, uwanjani na barabarani, kwa kipindi cha takriban miaka kumi.

Kisa chake kinaonyesha pia mambo yaliyohitajika ili kipaji cha kijijini kifikie medali. La kwanza ni uwezo wa mkimbiaji mwenyewe. La pili ni mahali pa kujifunza na kushindana mara kwa mara, ambalo alilipata El Paso. La tatu lilikuwa uamuzi wa serikali. Mwaka 1976 uamuzi huo ulifunga mlango kwa sababu ambayo Watanzania wengi waliiona kuwa ya haki, na mwaka 1980 ukaufungua. Wakenya wa kizazi chake, kama Rono, walifungiwa mara zote mbili. Nyambui alipata nafasi moja ya Olimpiki katika miaka yake bora, na katika nafasi hiyo moja alirudi na medali.

## Matokeo makuu

- 1978: medali ya shaba, mita 5,000, Michezo ya Afrika, Algiers
- 1979–1982: bingwa wa vyuo vya Marekani, mita 10,000 (mara nne mfululizo)
- 1980–1982: bingwa wa vyuo vya Marekani, mita 5,000 (mara tatu mfululizo)
- 1980: medali ya fedha, mita 5,000, Michezo ya Olimpiki, Moscow (13:21.60)
- 1980: bingwa wa vyuo vya Marekani, mbio za nyika
- 1981: rekodi ya dunia ya uwanja wa ndani, mita 5,000, New York (13:20.4)
- 1987: mshindi, Marathoni ya Berlin (2:11:11)
- 1988: mshindi, Marathoni ya Stockholm
- 1988: mshindi, Marathoni ya Berlin (2:11:45)